Kirusi Kilichokuwa Changu Tangu Utotoni

Watu wa nyumbani Tandahimba wakinitembelea huniuliza nilipona lini, nami hushindwa kutaja tarehe. Tarehe ya kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, naijua: ilikuwa 12 Oktoba 2023, mchana, katika hospitali moja ya kusini mwa India, ambako mfuko mdogo wa majimaji mekundu yaliyotoka mwilini mwa dada yangu ulitundikwa juu ya kitanda changu, ukaisha kwa muda usiotimia saa mbili. Sikusikia maumivu yoyote. Nilimwambia mke wangu, aliyesimama upande wa pili wa kioo, kwamba ikiwa kazi yenyewe ndiyo hii basi tumeimaliza. Maneno hayo nayakumbuka kwa aibu, kwa kuwa karibu kila kilichonisumbua baadaye kilianza baada ya mfuko ule kuisha, na kikubwa kuliko vyote hakikutoka India wala kwa dada yangu. Nilikuwa nacho mwenyewe tangu nikiwa mtoto.

Ya nyuma nayaeleza kwa kifupi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho. Novemba 2022, katikati ya minada, fizi zilianza kunitoka damu na nikawa nachoka hata kwa kupanda ngazi tatu za ghala. Nilipimwa Mtwara, nikapelekwa Dar es Salaam, na huko nikaambiwa ni lukemia, yaani saratani ya damu. Dawa za saratani ziliituliza, lakini madaktari walisema aina yangu ina tabia ya kurudi na kwamba tumaini la kudumu ni kupata uloto wa mtu mwingine. Ukoo ulikutana. Mjomba, ambaye kwetu sisi Wamakonde ndiye mwenye kauli katika mambo ya watoto wa dada yake, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: kati ya watoto wote wa dada yake, damu ya nani inafanana na ya huyu? Tulipimwa, na kati ya ndugu zangu wanne aliyelingana nami kwa aina ya tishu, si kwa kundi la damu, ni dada yangu mkubwa peke yake. Mjomba alihofu kwamba mfupa wa mpwa wake huyo ungetobolewa. Kumbe dada alichomwa sindano kwa siku tano, akalalamikia maumivu ya kiuno, kisha chembe za uloto zikavunwa kutoka kwenye mshipa wa mkono kwa mashine huku yeye akisinzia.

Tulitumia shilingi milioni 74, zilizotokana na ekari 6 za mikorosho, kiwanja changu cha Mtwara mjini, michango ya wanachama na mkopo ambao bado naulipa. Kosa langu la kwanza limo katika hesabu hiyo. Makadirio niliyopewa yalikuwa ya upandikizaji na siku za wodini. Gharama ya mwaka unaofuata hakuna aliyeniandikia, wala mimi, mtu wa vitabu vya hesabu, sikuuliza. Siku hizi upandikizaji wa uloto unafanyika pia hapa nchini, katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa hiyo atakayepita njia hii aanze kwa kuulizia huko kama ugonjwa wake unatibika. Popote atakapokwenda, aombe aandikiwe pia bei ya vipimo vya virusi vya kila wiki, ya dawa za virusi endapo vitaamka, na ya chumba cha kuishi karibu na hospitali kwa siku zisizopungua 100.

Nilisema kirusi kilikuwa changu. Jina lake ni saitomegalo, na wauguzi wote walikiita CMV. Ni cha ukoo mmoja na virusi vya tetekuwanga na vya vidonda vya mdomoni, na tabia ya ukoo huo ni kwamba ukiambukizwa mara moja hauondoki. Watu wengi wa Afrika hukipata utotoni, kwa mate au kwa maziwa ya mama, na huenda mtoto asionyeshe hata mafua. Kisha hujificha ndani ya chembe za mwili kama kaa chini ya majivu, na kinga hukilinda kisiwake. Kabla ya kupandikizwa tulipimwa, mimi na dada, na wote wawili tulionekana kuwa nacho. Nilidhani daktari angeahirisha safari. Alicheka, akasema angetushangaa kama tungekuwa hatunacho. Akanieleza kwamba dawa kali nitakazopewa kuusafisha uloto wangu zitamfukuza mlinzi, na mlinzi mpya, aliyetoka kwa dada, atachukua miezi kujifunza kazi. Katika kipindi hicho kirusi kinaweza kuamka, hasa ndani ya siku 100 za mwanzo. Niliitikia kwa heshima. Nilisikia, lakini sikuelewa.

Siku ya 31 kipimo cha damu, kile kinachohesabu vinasaba vya kirusi na kuitwa PCR, kilionyesha kopi 400 katika mililita moja. Daktari hakutoa dawa, alisema tusubiri wiki. Siku ya 38 zilikuwa 3,200. Wakati huo nilikuwa nimetoka wodini, tunaishi katika chumba cha kupanga, nakula wali na dengu, natembea jioni nikiwa nimevaa barakoa, na joto langu halikufika hata 37. Nilipoambiwa nianze vidonge vya valgansiklovia, viwili vya miligramu 450 asubuhi na viwili jioni, nilimuuliza mke wangu kwa Kimakonde, ili daktari asisikie, kwa nini tununue dawa ya ugonjwa ambao siuoni. Dozi ya wiki tatu ilikaribia kodi ya chumba chetu ya mwezi mzima. Mke wangu alinijibu kwamba hata lukemia hatukuiona mpaka fizi zilipotoka damu. Tukanunua.

Jambo hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulikubali, na wagonjwa wenzangu wengi niliozungumza nao walikwama hapohapo. Kirusi hiki hutibiwa kikiwa bado ni namba kwenye karatasi. Kikisubiriwa mpaka kiumize, huwa kimeshaingia kwenye mapafu, utumbo, ini au macho. Jirani yetu wa chumba cha pili, kijana kutoka Nijeria aliyepandikizwa wiki mbili kabla yangu, aliruka vipimo viwili kwa sababu fedha kutoka kwao zilichelewa. Kikohozi kikavu kilimwanza siku ya Ijumaa, Jumapili akawekewa oksijeni, na hakurudi chumbani. Mama yake alituachia sufuria na mchele uliobaki. Baada ya hapo sikuuliza tena bei ya kidonge mbele ya daktari.

Dawa nayo ina deni lake. Valgansiklovia inapokandamiza kirusi hukandamiza pia chembe nyeupe za damu, zile zile tulizokuwa tumezisubiri kwa hamu ziote, na katika wiki ya pili zangu zilishuka mpaka nikarudishiwa sindano za kuzipandisha. Nililia siku hiyo. Niliona kama dada yangu amepoteza bure alichonipa.

Desemba kukaja jambo ambalo niliona haya kulisema. Niliamka usiku kwa haja ndogo, maumivu yakawa kama naingizwa waya wa moto, na mkojo ulikuwa mwekundu. Sisi tuliokulia kusini tukiona damu kwenye mkojo tunasema kichocho. Utotoni tulikuwa tukiogelea madimbwini na wavulana wengi walikojoa damu, na wengine walijisifia. Kwa hiyo nilinyamaza siku mbili nikijiambia kwamba nitapimwa kichocho nikirudi nyumbani. Siku ya tatu mabonge ya damu yaliziba njia na sikuweza kukojoa kabisa. Kilikuwa kirusi kingine, kiitwacho BK, ambacho nacho watu wengi hukipata wakiwa wadogo na hukaa kwenye figo na njia ya mkojo bila madhara mpaka kinga ipotee. Hakuna dawa mahususi niliyopewa ya kukiua. Nilitiwa mpira mkubwa wa mkojo, kibofu kikasafishwa kwa maji mchana na usiku kwa siku tisa, nikaongezewa damu na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na dawa za kushusha kinga zikapunguzwa kidogo. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha mifuko ya maji yale alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, na nilifunika uso kwa shuka kila alipoingia. Ningelisema usiku ule wa kwanza, huenda mabonge yasingejijenga.

Tulirejea Mtwara katikati ya Februari 2024. Daktari alikuwa amenikataza kurudi Tandahimba kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya vumbi la ghala, magunia yenye ukungu na salfa inayopulizwa mikoroshoni, basi tukapanga vyumba viwili Mtwara mjini. Maji yote yalichemshwa. Pweza na samaki nilikula vilivyoiva sawasawa, ming'oko nilikula ikiwa ya moto, na mabibo niliyaacha. Balungi, tunda nilipendalo, nililiacha pia, kwa kuwa hupandisha kiwango cha saiklosporini mwilini, na saiklosporini ndiyo iliyokuwa ikizuia chembe za dada kunishambulia. Nilianzisha daftari kama la mizani: joto asubuhi na jioni, uzito, choo mara ngapi, rangi ya mkojo, dawa iliyomezwa na saa yake. Daftari hilo limenisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua, na bei yake ni shilingi 2,000.

Kipimo cha CMV tulikipeleka Dar es Salaam. Damu nzima haivumilii safari, kwa hiyo maabara ya hapa ilikuwa ikiizungusha kwenye mashine jioni, inatenga plazma, yaani majimaji ya damu, inaigandisha, na alfajiri mke wangu anakipeleka kisanduku cha barafu stendi ya Mkanaledi, kinapanda basi la saa 12 asubuhi, na mpwa wangu anakipokea upande wa pili baada ya kilomita zaidi ya 500. Kila safari, pamoja na kipimo, ilitugharimu kama shilingi 230,000. Kondakta tulimweleza kwamba kisanduku kisiwekwe buti, karibu na joto la injini. Wa kwanza alikiweka, na fedha ile ilipotea.

Aprili ngozi ya viganja na kifua ilianza kuwa nyekundu na kuwasha. Zilikuwa chembe za dada yangu zikinishambulia, hali ambayo madaktari huiita GVHD, na niliongezewa prednisoloni, dawa nyingine ya kushusha kinga. Daktari wa India aliniambia kwa simu kwamba prednisoloni humlaza mlinzi upya, hivyo vipimo vya CMV virudi kuwa vya kila wiki hata kama siku 100 zimepita. Kipimo cha tarehe 24 Aprili kilirudi na namba 900. Nilifungua daftari nikaona 3,200 ya Novemba, nikafurahi, nikamwandikia mpwa wangu ujumbe kwamba kirusi kimeshuka. Wala sikuipeleka karatasi kwa daktari.

Katika kazi yangu, mkulima akileta kilo nikaandika tani, nitafukuzwa. Lakini sikutazama kwamba India walikuwa wakihesabu kopi, na maabara ya Dar es Salaam iliandika vizio vya kimataifa, na kwamba namba za maabara mbili tofauti hazilinganishwi hata zikifanana kwa sura. Pia nilisahau kwamba kilichomtia daktari wasiwasi siku ya 38 hakikuwa 3,200 yenyewe. Alichokitazama ni kwamba ilitoka 400. Kipimo cha Machi cha maabara hiyohiyo ya Dar es Salaam kilikuwa kimesema hakionekani. Kutoka kutoonekana hadi 900, ndani ya wiki chache, wakati nameza prednisoloni, ulikuwa mpando ambao hata mtoto angeuona. Chagua maabara moja, ubaki nayo, na kila matokeo yapelekwe kwa daktari yakiwa na kizio chake, yakusikitishe au yakufurahishe.

Sampuli iliyofuata ilipaswa kusafiri Jumatatu ya tarehe 6 Mei. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika mwishoni mwa juma, mvua zikakata barabara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi yakasimama. Ndege ilikuwepo, na mtu wa kumpa kisanduku angepatikana, lakini mimi niliyekuwa nikijiona nimeshuka kutoka 3,200 nilisema tutasubiri barabara. Tarehe 8 nilianza kuharisha. Mji mzima ulikuwa ukilalamikia maji, mtoto wa jirani naye anaharisha, basi nikameza metronidazo niliyopewa katika duka moja la dawa bila kumweleza muuzaji kwamba nimepandikizwa uloto. Shangazi alileta mizizi iliyochemshwa, na kwa heshima yake nilikunywa vikombe viwili. Siku ya nne choo kilikuwa na damu, nimepoteza kilo 5, na mke wangu hakuniuliza tena; alikata tiketi za ndege.

Hospitalini Dar es Salaam nilijifunza jambo ambalo ningependa kila mlezi wa mgonjwa wa namna hii alijue. Kuharisha baada ya kupandikizwa kunaweza kuwa kirusi, na kunaweza kuwa chembe za mpandikizo zinazoshambulia utumbo, na kwa macho hali hizo mbili hufanana sana. Tiba zake hupingana: hii inataka kinga iinuliwe, ile inataka ishushwe. Isitoshe, CMV inaweza kuwa inakula utumbo huku kwenye damu inaonekana kidogo tu, au haionekani. Kwa hiyo daktari alikataa kubahatisha. Niliingizwa kamera kwenye utumbo mpana, vikachukuliwa vipande vidogo vya nyama, na chini ya hadubini zikaonekana chembe kubwa zenye doa katikati, ambazo wataalamu huzifananisha na jicho la bundi. Mke wangu alinisihi nisimweleze mjomba habari ya bundi. Sikumweleza.

Hakukuwa na dalili ya mpandikizo kushambulia utumbo, hivyo prednisoloni ilipunguzwa na nikaanza gansiklovia ya dripu, mara mbili kwa siku, kwa wiki tatu. Chupa za dawa zilizopatikana mjini zilitosha siku sita, nyingine zikaletwa na mgonjwa aliyekuwa akirudi kutoka India. Nililala pale siku 23, uzito ukafika kilo 56 kutoka 71 nilizokuwa nazo kabla ya lukemia. Mzigo wa fedha ulikuwa shilingi milioni 6 na laki 4. Tiketi ya ndege ya kisanduku kimoja ingekuwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Tangu hapo natembea na karatasi moja, imeandikwa Kiswahili na Kiingereza na kugongwa muhuri: nimepandikizwa uloto, tarehe, dawa nizinywazo, joto likifika 38 ni dharura, nikiharisha au kukohoa kirusi kitafutwe, na simu za madaktari wawili. Naionyesha kwanza, kabla ya kueleza ninachoumwa. Nimejifunza pia kutomeza parasetamo kabla ya kupima joto, maana huificha homa na daktari hubaki hana la kushika.

Ungedhani nilikoma. Asiklovia, kidonge cha kuzuia tetekuwanga ya zamani isiamke, niliambiwa ninywe angalau mwaka mmoja, na mwezi Oktoba 2024 mwaka ulipotimia niliiacha mwenyewe, kwa hesabu zangu. Neno “angalau” nililiruka. Nilikuwa bado nameza prednisoloni kidogo, na mtu aliye bado kwenye dawa za kushusha kinga huendelea na kidonge hicho hata mwaka ukipita. Desemba, minada ikiwa imepamba moto, malengelenge yalijipanga kutoka mgongoni hadi chini ya ziwa la kushoto. Mkanda wa jeshi, yaani ile tetekuwanga ya zamani imeamka. Kwetu ugonjwa huo watu huuhusisha moja kwa moja na UKIMWI, na mwili wangu ulikuwa umekonda, kwa hiyo maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Mwenzangu mmoja wa ofisini alianza kutotumia kikombe changu. Nilijitetea kwa muda, nikachoka, kisha nikamwita mbele ya mzani nikamwonyesha karatasi yangu yenye muhuri. Malengelenge yalikauka kwa dozi kubwa ya asiklovia, lakini ule mchomo wa mishipa umebaki, na baridi ya Julai huuamsha.

Sasa vipimo vyangu ni vya kila miezi mitatu. Kundi langu la damu limebadilika kuwa la dada, O badala ya B, na chanjo za utotoni zimefutika, hivyo naanza upya. Zile zilizo hai, kama ya surua, hazikuruhusiwa kabla ya miaka 2 kupita. Daftari langu ni la tatu. Kwenye jalada la ndani nimeandika jina la maabara na kizio chake kwa wino mwekundu.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka Nachingwea ambaye mdogo wake amerudi kutoka kwenye upandikizaji mwezi uliopita. Alitaka kujua basi gani lina kondakta mwaminifu. Nilimpa namba ya kondakta na nikamwazima kisanduku cha barafu, naye akaniuliza akirudishe lini. Nilimwambia nakihitaji kabla ya tarehe 10 Januari.